Je, Wajua? Yaliyofukiwa Chini ya Bustani za Mtoni

Bustani ya kando ya mto, hasa katika mji mkongwe, ina ujanja wake: inajifanya imekuwepo tangu enzi na enzi. Unakaa kwenye benchi, maji yanapita taratibu, watoto wanakimbizana, unajiambia kwamba hapa ndipo mji ulipoachiwa nafasi ya kupumua. Nani aliachia? Ukifukua kidogo chini ya zile nyasi utakuta bomba la majitaka, handaki la magari, vifusi vya mfereji uliovunjwa, au mabaki ya ugomvi wa miaka mingi juu ya nani anufaike na kipande kile cha ardhi. Tumezunguka miji kadhaa kufukua. Mahali pengine tulikuta mengi, tukakaa. Pengine tumepita tu.

Je, wajua kwamba London kuna lango la mtoni ambalo mto umelikimbia?

Lango hilo liko ndani ya Victoria Embankment Gardens, karibu na kituo cha Charing Cross. Linaitwa York Watergate, na lilijengwa mwaka 1626 ili mwenye jumba la pale, Duke wa Buckingham, ashuke ngazi na kuingia moja kwa moja kwenye mashua. Simba wa mawe bado wako juu yake. Ngazi zipo, lakini leo zinashukia bustanini. Maji ya Thames yako zaidi ya mita 100 mbele, ng'ambo ya bustani na ng'ambo ya barabara.

Mto haukuhama wenyewe. Kiangazi cha mwaka 1858 Thames ulinuka kiasi kwamba mapazia ya Bunge yalilowekwa dawa ya chokaa na klorini ili waheshimiwa waweze kuvuta pumzi. Pua za wabunge zilipoguswa, fedha zilipatikana upesi. Mhandisi Joseph Bazalgette akajenga mabomba makuu ya kuchukua majitaka ya jiji, na ili kuyapitisha akausogeza ukingo ndani ya mto. Ukingo mpya ulifunguliwa mwaka 1870: ndani yake bomba la majitaka, pembeni yake reli ya chini ya ardhi, juu yake barabara na bustani.

Na bustani yenyewe nusura isiwepo. Waziri Mkuu William Gladstone alitaka sehemu ya ardhi ile mpya ijengwe majengo ya kuingizia serikali mapato. Aliyeongoza upinzani bungeni alikuwa W. H. Smith, ndiyo, yule yule ambaye jina la ukoo wake lilikuwa kwenye maduka ya vitabu na magazeti katika stesheni za reli. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: waliolipia ukingo ni watu wa London, basi ardhi iwe ya watu wa London. Gladstone akashindwa.

Hatua chache kutoka hapo, kwenye ukingo huo huo, kuna mnara wa jiwe kutoka Misri uliosimikwa mwaka 1878, maarufu kwa jina la Sindano ya Kleopatra. Chini yake wakafukia sanduku la vitu vya kuwaachia watu wa baadaye: sarafu, magazeti ya siku hiyo, ratiba ya treni, vibanio vya nywele, na picha za wanawake 12 walioonekana warembo kuliko wenzao Uingereza. Nani aliwachagua warembo hao, na kwa kigezo gani, ni swali ambalo kamati ile ingepata shida kulijibu leo.

Mfumo wa Bazalgette ulikuja kuzidiwa na wingi wa watu. Jiji likachimba handaki jingine la majitaka, la kilomita 25, lililokamilika kuunganishwa Februari 2025. Juu ya baadhi ya visima vyake pametengenezwa viwanja vipya vya wazi vinavyoingia mtoni, na kimoja, karibu na Blackfriars, kimepewa jina la Bazalgette. Kwa hiyo kwa London ndivyo ilivyo: ukitaka bustani mtoni, anza na choo.

Je, wajua kuhusu mama aliyetoa dola milioni 1 ili barabara isijengwe, na barabara ikaja kuitwa kwa jina la ukoo wake?

Huyo ni Helen Storrow wa Boston, Marekani. Mumewe, James Storrow, alikuwa mmoja wa waliopigania bwawa la Mto Charles, ambalo mwaka 1910 liliugeuza mlango wa mto, uliokuwa ukikauka na kunuka kila maji ya bahari yakipwa, kuwa kama ziwa tulivu. James alipofariki, mjane wake alitoa fedha hizo kuipanua bustani ya ukingoni, Esplanade. Mpango wa wakati ule ulikuwa na barabara ndani yake; Helen aliipinga, na ikaondolewa. Bustani ikapanuliwa kwa ustadi wa msanifu Arthur Shurcliff.

Helen alifariki mwaka 1944. Miaka 5 tu baadaye bunge la jimbo likapitisha barabara ile ile, na mwaka 1951 magari yakaanza kupita. Ikaitwa Storrow Drive. Sijui kama kuna shukrani nyingine ya namna hiyo duniani.

Ila barabara yenyewe imekuwa na kisirani. Madaraja yanayopita juu yake yako chini, na malori hayaruhusiwi. Kila mwaka, mwanzoni mwa Septemba, wanafunzi wa vyuo wanahamia mjini na malori ya kukodi, wengi wao hawajawahi kuendesha kitu kikubwa kuliko gari dogo. Alama ya tahadhari inaning'inia barabarani, lori linaipiga kichwa, dereva anaendelea, kisha paa zima la lori linamenyeka kwenye daraja, na makochi yanaonekana kwa kila mtu. Wenyeji wamelitungia tukio hilo neno kutokana na jina la barabara, na wengine huketi kusubiri picha za kwanza za msimu.

Barabara hiyo pia ilikula sehemu ya bustani ya zamani zaidi, Charlesbank, iliyosanifiwa na Frederick Law Olmsted, mtu aliyeshiriki kubuni Central Park ya New York. Pale, mnamo 1891, palifunguliwa uwanja wa mazoezi ya viungo wa wanawake, wa bure, kwa ajili ya familia za vibarua na wahamiaji waliobanana kwenye nyumba za jirani. Ulizungushiwa vichaka ili wapita njia wasikodoe macho. Jambo la kawaida leo. Wakati ule ilikuwa habari.

Kilichobaki bado kinatumika. Tamasha la muziki la bure lililoanzishwa na Arthur Fiedler ukingoni hapo mwaka 1929 linaendelea, na usiku wa tarehe 4 Julai hufurika watu. Fiedler mwenyewe ana sanamu ya kichwa chake bustanini, iliyotengenezwa kwa mabati ya aluminiamu yaliyopangwa moja juu ya jingine: kwa mbali ni mzee mwenye nywele nyingi, kwa karibu ni rundo la sahani.

Portland, Oregon, walifanya kinyume. Mwaka 1974 waliifunga barabara kuu ya Harbor Drive iliyokuwa ukingoni mwa Mto Willamette, wakaing'oa, na mwaka 1978 wakafungua bustani mahali pake. Leo ina jina la Tom McCall, gavana aliyeisukuma kazi hiyo. Wahandisi wa trafiki walitarajia msongamano wa kutisha. Haukutokea, na miji mingine ikaanza kutuma watu kwenda kuangalia.

Je, wajua kwamba katikati ya Seoul kuna daraja lililojengwa kwa mawe ya kaburi, na baadhi ya mawe yamepinduliwa kichwa chini kwa makusudi?

Hapa inabidi tukae kidogo.

Kijito cha Cheonggyecheon kinapita katikati ya mji mkongwe wa Seoul, Korea Kusini. Mwaka 1410 mafuriko yalibomoa daraja la udongo. Mfalme wa wakati ule, Taejong, aliagiza lijengwe la mawe, na mawe akayachukua kwenye kaburi la mama yake wa kambo, Malkia Sindeok. Ugomvi ulikuwa wa urithi: malkia alitaka mwanawe mdogo arithi kiti cha enzi, Taejong akamuua kijana huyo mwaka 1398. Malkia mwenyewe alikwisha kufa, lakini hasira haikuisha. Mawe yake ya kaburi, yenye nakshi za mawingu na viumbe vya mbinguni, yakawekwa chini ya nyayo za wachuuzi na punda, mengine juu chini. Ukishuka leo kwenye njia ya waenda kwa miguu pembeni ya maji, ukainama kutazama chini ya daraja la Gwangtonggyo, nakshi utaziona ukutani, zimepinduka, na zimehifadhika vizuri kuliko mawe mengi ya makaburi ya enzi hizo. Sababu ya kuhifadhika ndiyo inayofanya habari hii iingie kwenye ukurasa wetu: kwa karibu miaka 50 daraja lilifukiwa chini ya barabara.

Baada ya Vita vya Korea kingo za kijito zilijaa vibanda vya wakimbizi na maji yakawa ya uchafu. Kuanzia mwaka 1958 jiji likakifunika kwa zege. Halafu juu ya zege ikajengwa barabara ya juu kwa juu, iliyosifiwa kama alama ya maendeleo. Kufikia mwaka 2000 hivi alama hiyo ilikuwa na nyufa na kutu kiasi kwamba kuikarabati kungegharimu fedha nyingi mno. Mgombea umeya, Lee Myung-bak, akaahidi kuibomoa na kukifukua kijito. Ajabu ni kwamba miaka ya nyuma alikuwa mkuu wa kampuni ya ujenzi ya Hyundai, yaani mtu wa zege hasa. Alishinda, akaanza kubomoa mwaka 2003, na mwaka 2005 kilomita 5.8 za kijito zikafunguliwa kwa wananchi. Mwaka 2007 akachaguliwa kuwa rais wa nchi. Nguzo chache za barabara ya zamani ziliachwa zimesimama majini bila kubeba chochote.

Magari yalikwenda wapi? Jiji lilibadilisha mfumo wa mabasi mwaka 2004, likatenga njia za mabasi katikati ya barabara, na watu wengi wakapanda mabasi na treni. Joto la kiangazi kandokando ya kijito likapungua kwa digrii 3 na zaidi ukilinganisha na barabara za jirani. Samaki wakarudi.

Sasa sehemu ambayo vipeperushi vya watalii huipitia mbio. Maji unayoyaona Cheonggyecheon si ya chemchemi. Kila siku tani kama 120,000 husukumwa kwa pampu, nyingi kutoka Mto Han, na nyingine ni maji ya ardhini yanayokusanywa kwenye stesheni za treni ya chini. Zima umeme, na kwa sehemu kubwa ya mwaka kijito kitabaki mtaro. Wanamazingira wa Korea walilisema hili tangu mwanzo, wakaita mradi ule chemchemi ndefu ya mapambo. Mimi nadhani wako sahihi, na nadhani pia kwamba ningekuwa mkazi wa pale ningekwenda kutumbukiza miguu kila jioni.

Kuna na wamachinga. Chini na pembeni ya ile barabara ya juu palikuwa na soko la mitumba na vikorokoro lililojulikana Korea nzima. Wachuuzi waliondolewa kupisha kijito, wengi wakapelekwa ndani ya uwanja wa michezo wa Dongdaemun uliokuwa hautumiki. Wakapanga mali zao uwanjani. Haikupita miaka mingi, uwanja nao ukavunjwa kupisha jengo la usanifu la Zaha Hadid, na wakahamishwa tena, safari hii Sinseol-dong. Bustani ya umma iliwafikia watu wengi kweli. Hawa walihamishwa ili iwafikie wengine.

Je, wajua kwamba watu wa Valencia, Hispania, walilipia mto mpya kwa stempu za barua?

Tarehe 14 Oktoba 1957 Mto Turia ulifurika mara mbili kwa siku moja, alfajiri na tena mchana, na wimbi la pili lilikuwa kubwa zaidi. Watu wasiopungua 81 walikufa. Serikali ya dikteta Franco ikaamua kuuhamisha mto wote: ukachimbwa mkondo mpya kusini mwa mji, wenye urefu wa kilomita 12 hivi. Ili kuchangia gharama, kila barua iliyotumwa kutoka Valencia ilibidi ibandikwe stempu ya ziada ya senti 25. Mto ukahama, stempu ikaendelea kubandikwa kwa miaka baadaye, kama zinavyofanya tozo nyingi za muda.

Sasa katikati ya mji likabaki bonde kavu, na juu yake madaraja ya mawe ya karne nyingi, la zamani kuliko yote likiwa la mwaka 1402, bila hata tone la maji chini. Wenye mamlaka walikwisha kuamua: barabara kuu ipite humo, kutoka uwanja wa ndege hadi bandarini. Kwenye ramani ilipendeza sana, ardhi bure, hakuna wa kumlipa fidia. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1970, Franco akiwa bado hai na maandamano yakiwa ni hatari, wakazi wakaanza kudai kwa sauti kwamba bonde la mto ni lao na wanalitaka la kijani. Magazeti yakaingia, vyama vya mitaa vikaingia. Franco akafa mwaka 1975. Mwaka 1976 Mfalme Juan Carlos akaukabidhi mji lile bonde. Msanifu Ricardo Bofill akachora mpango mwaka 1982, na kipande kwa kipande, kila kipande na msanifu wake, kilomita 9 hivi zikageuka bustani.

Kwa hiyo ukiwa ndani ya bustani ya Turia uko chini kuliko mji. Madaraja yanapita juu ya kichwa chako, magari na honi ziko huko juu, na wewe unapita kwa baiskeli chini ya tao la karne ya kumi na sita ukiangalia watu wakicheza mpira pale mto ulipokuwa. Kuna jitu la Gulliver, lenye urefu wa mita 70, limelala chali limefungwa kamba kama lilivyofungwa kwenye hadithi. Nywele zake ni mtelezo. Mikunjo ya koti lake ni mitelezo. Watoto wanapanda kwenye vidole na kushukia mapajani, na ukiwatazama kutoka mbali wanakuwa ndio wale watu wadogo wa Lilliput. Aliyelijenga alikuwa Manolo Martín, fundi wa yale masanamu makubwa ambayo Valencia huyachoma moto kila Machi. Hili halichomwi.

Mto uliohamishwa haukusahaulika. Tarehe 29 Oktoba 2024 mvua ya kutisha ilinyesha milimani. Mkondo mpya ulijaa lakini ukahimili, na katikati ya Valencia pakasalimika. Bustani ilibaki bustani. Kusini ya mkondo, katika miji midogo kama Paiporta na Catarroja na kwenye mtaa wa La Torre, makorongo mengine yalifurika. Katika jimbo la Valencia walikufa zaidi ya watu 220. Siku zilizofuata maelfu ya vijana walivuka kwa miguu daraja dogo lililo juu ya mkondo mpya, kutoka upande mkavu kwenda upande wa matope, wamebeba mafagio, koleo na maji ya kunywa. Daraja hilo watu wakaliita la mshikamano.

Madrid nako walicheka kwa karne nne. Daraja la Segovia, lililosanifiwa na Juan de Herrera na kumalizika mwaka 1584, lilikuwa kubwa kupita kiasi kwa kijito kama Manzanares, na washairi wa Hispania hawakuuacha mzaha huo upite. Miaka ya 1970 barabara ya mzunguko ya M-30 ikapitishwa kingo zote mbili, na kwa miaka 30 mto ukawa kitu cha kuona kupitia dirisha la gari. Kuanzia mwaka 2004 Meya Alberto Ruiz-Gallardón akaizika barabara ardhini kwa urefu wa kilomita 6 hivi, na bustani ya Madrid Río ikakamilika mwaka 2011. Miti zaidi ya 33,000 ilipandwa, mingi ikiwa misonobari iliyootea juu ya paa la handaki. Deni la jiji nalo likaota, na wakazi walilalamika kwa miaka.

Kilichoniacha hoi ni kilichofuata. Baada ya gharama yote ile, mto wenyewe ulikuwa bado umefungwa na malango ya mabwawa, umetulia kama bwawa la kuogelea ili wapiga makasia wafanye mazoezi. Mwaka 2016, kwa ushauri wa wanaharakati wa mazingira, jiji liliyafungua malango. Kina kikashuka, mchanga ukajitengeneza visiwa, majani na mierebi ikaota yenyewe, na korongo wakaja kuvua katikati ya mji mkuu. Wapiga makasia walinuna. Katika mambo yote yaliyofanywa pale, hili la kufungua lango ndilo lililogharimu kidogo kuliko yote.

Paris, kwa ufupi: kuogelea Seine kulipigwa marufuku mwaka 1923. Barabara ya magari ya ukingo wa kulia, iliyofunguliwa mwaka 1967, iligeuzwa ya waenda kwa miguu mwaka 2016. Julai 2025 wananchi waliruhusiwa tena kuingia majini, bure, sehemu 3. Kabla ya hapo zilitumika takriban euro bilioni 1.4, na sehemu kubwa ya kazi ilikuwa ile ile ya London: mabomba ya majitaka, na hifadhi ya chini ya ardhi ya kuzuia maji ya mvua yasiyamwage mtoni.

Je, wajua kwamba mtu aliyekufungisha mkanda kwenye matatu ndiye mwenye bustani ya Mto Nairobi?

John Michuki, aliyekuwa waziri nchini Kenya, anakumbukwa kwa sheria za mwaka 2004: mikanda, vidhibiti mwendo, mstari wa manjano kwenye matatu, na sare za makondakta. Wachache hukumbuka kwamba baadaye akiwa Waziri wa Mazingira aliugeukia Mto Nairobi. Kipande kati ya Museum Hill na mzunguko wa Globe, kilichokuwa jaa la taka na maficho ya wahuni, kilisafishwa na kupandwa miti. Michuki alifariki Februari 2012, na pale pakarudi kuwa jaa. Mwaka 2020 pakakarabatiwa tena na kufunguliwa kama Michuki Memorial Park. Miti ipo, njia zipo, watu wanapiga picha za harusi. Tatizo liko majini: bustani ni kipande kifupi, na maji huja na kila kilichomwagwa juu yake. Machi 2025 Rais William Ruto alizindua mradi wa kuusafisha mto kwa kilomita 27, ukiwa na mabomba makuu ya majitaka ndani ya mpango. Hiyo ndiyo sehemu ya kuitazama. Kupanda maua ukingoni kila meya anaweza. Mabomba hayapigwi picha.

Dar es Salaam wana mtihani mgumu zaidi. Bonde la Msimbazi kule Jangwani si bustani iliyochakaa, ni mahali ambapo mto umekuwa ukidai nafasi yake kila masika. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011 serikali iliwapa waathirika viwanja Mabwepande, mbali kabisa na riziki zao za Kariakoo. Baadaye karakana ya mabasi yaendayo haraka ikajengwa hapo hapo Jangwani, na mabasi yakaogelea. Sasa kuna mradi wa bonde hilo, wenye mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 200 ulioidhinishwa mwaka 2022: daraja jipya la juu zaidi, mto kuchimbwa na kupanuliwa, na bustani kubwa ya jiji sehemu ya chini ya bonde. Udongo unaochimbwa mtoni unakusudiwa kuinua ardhi za pembeni ili zijengeke. Wakazi wamelipwa na kuvunjiwa nyumba, wengine wakinung'unika kuhusu kiwango. Bustani ikikamilika, mashabiki wa klabu ya soka ya Yanga wanaojiita watoto wa Jangwani watapata pa kukaa kabla ya mechi. Waliokuwa wakiishi pale watakuja kwa daladala.

Je, wajua kwamba Singapore kuna kilima kilichojengwa kwa mfereji?

Bustani ya Bishan ilifunguliwa mwaka 1988 pembeni ya Mto Kallang, ila "mto" lilikuwa neno la heshima: ulikuwa mfereji wa zege ulionyooka, wenye uzio, na ungetumbukia humo usingepata pa kushika. Ulipochakaa, badala ya kumwaga zege jipya waliuvunja kabisa. Kati ya 2009 na 2012 mfereji wa kilomita 2.7 ukageuzwa mto wenye mikondo, kilomita 3.2, ndani ya bustani yenyewe. Uzio ukatoka. Mvua isiponyesha unaruka juu ya mawe hadi ng'ambo. Ikinyesha kubwa, nyasi za bustani ndizo zinazokuwa mto, na upana unaweza kufika karibu mita 100. Kwa hiyo kuna vipimo vya kina cha maji, taa za tahadhari na ving'ora. Vikilia, unafunga mkeka wako unapanda juu. Na vifusi vya zege lile vikarundikwa hapo hapo, vikaitwa Recycle Hill, kilima cha kupandia uone bustani yote.

Wageni wasioalikwa walikuwa fisi-maji. Familia moja ilihamia bustanini miaka michache baadaye, ikazaa, ikapata mashabiki wanaoifuata kwa kamera na kuirekodi ikigombana na familia nyingine kwa ajili ya mipaka. Wananchi waliipenda sana, mpaka fisi-maji walipogundua kwamba nyumba za matajiri na hoteli zina vidimbwi vya samaki aina ya koi, samaki wa urembo ambao mmoja huweza kuuzwa kwa maelfu ya dola. Wanaingia alfajiri, wanakula, wanaacha vichwa. Sheria inakataza kuwadhuru, na ushauri wa maafisa wa wanyamapori kwa wenye vidimbwi ni mmoja: weka wavu, na uzibe matundu ya uzio.